Jogoo wa Kaka wa Kuazima

Nianze kwa kusema kwamba jogoo yule hakuwa wangu. Watu wa Kansanga waliopita nyuma ya vyumba vyetu jioni zile waliniona nimesimama chini ya mfenesi, mahindi kwenye upindo wa kitenge, fagio mkononi, nikimbembeleza ndege aliyejikalia juu ya tawi. Walidhani namtafuta kuku wangu. Wengine walinicheka. Mmoja alinishauri nimwache tu, akisikia baridi atashuka. Niliendelea kurusha mahindi. Ningeanza kumweleza jogoo ni wa nani ningemaliza kwa kulia mbele ya watu, na mimi si mtu wa kulia mbele ya watu.

Alikuwa jogoo wa ndoa ya mdogo wangu. Kwa haki yake alikuwa wa kaka yetu, na sisi kaka hatuna.

Mimi na mdogo wangu tuliingia Kampala na mama, tukitokea Bukavu. Mama hakukaa sana. Alifariki hata kabla hatujayazoea majina ya barabara, tukabaki wawili. Mimi nilikuwa msichana aliyejua kushona mistari iliyonyooka tu, yeye alikuwa bado anang'oka meno ya utoto. Nilimlea kwa cherehani. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: aliponiomba viatu, nilishona; alipougua malaria, nilishona; alipofika umri wa kwenda chuo, nilishona mpaka macho yakaanza kuona pindo mbili mahali penye moja. Kwetu mdogo humwita mkubwa wake yaya, na yeye tangu hapo hajawahi kuniita kwa neno jingine. Hata shule walipouliza mzazi wako nani, alisema ni yaya, na walimu wakaandika hivyo hivyo.

Chuoni, huko Kyambogo, akampata kijana wa Kiganda. Sina la kumsema vibaya kijana huyo. Ni mpole, ana kazi, na siku ya kwanza alipokuja kwangu alikalia ndoo iliyogeuzwa bila kuiangalia mara mbili. Shida ilianza alipotaka kufanya mambo kwa utaratibu.

Kwa Waganda, mwanamume akienda kujitambulisha kwa wakwe huenda na msafara. Vikapu vya matunda, nyama, sukari, sabuni, nguo za mama na za shangazi, watu wanapanga foleni mpaka barabarani. Lakini vyote hivyo ni zawadi tu. Kinachofunga ndoa ni jogoo mmoja. Jogoo huyo anapewa kaka wa bibi harusi. Kaka akimpokea, amemtoa dada yake. Akimla, jambo limekwisha na hakuna wa kulifungua. Asipoliwa, watu wa upande wa mume wataendelea kuulizana chinichini kama yule ni mke kweli au ni mgeni aliyekaa sana. Baba hamli, mama hamli, na dada ndiyo kabisa, hahesabiki.

Mdogo wangu alikuja kuniambia hayo akiwa amekaa kitandani kwangu, anachezea kamba ya mkoba wake.

"Yaya, banataka kaka."

"Waambie hatuna."

"Minaliwaambia. Wakasema kila mutu iko na kaka, hata kama ni wa ukoo."

Nikamwambia mimi nitampokea huyo jogoo. Niliyemvalisha yeye, niliyemlisha, niliyemfunga tambara la maji baridi kichwani ni mimi. Basi mikono itakayompokea jogoo ni hii. Alicheka. Alipoona sicheki akaacha.

"Watatucheka, yaya," alisema.

Akapatikana kaka kanisani. Ni mtu wa kwetu kwa maana kwamba anatoka upande ule ule wa ziwa letu la Bukavu, lakini hata chumba changu alikuwa hajawahi kuingia. Anafanya kazi kwenye ofisi moja huko Nakasero, ana koti, ana viatu vinavyolia, na Kiganda anakisema bila kubabaika. Alikubali upesi mno. Alichouliza ni kama wakati wa kumpokea jogoo mpiga picha atakuwa mbele au pembeni.

Siku yenyewe tuliazima kila kitu. Tuliazima uwanja wenye nyasi kwa muumini mmoja, tukaazima viti, mahema, na wazee wawili wa kukaa mstari wa mbele kama baba zetu wadogo. Nguo hazikuazimwa, zile nilishona mimi, za bibi harusi na za wasichana wake wote. Nilikesha nazo. Lakini ilipofika saa ya kukaa, sikupata mahali. Mstari wa mbele ulikuwa wa wazee, wa pili ulikuwa wa wageni wenye heshima, na huko nyuma kulikuwa na masufuria ambayo lazima mtu ayaangalie. Nikaenda kuyaangalia masufuria. Hakuna aliyenifukuza, niseme ukweli. Wala hakuna aliyeniita.

Kwa hiyo sehemu ya jogoo niliisikia kwa spika. Msemaji wa upande wa mume aliuliza kaka wa binti ni yupi, maana hawawezi kumpa mtu wasiyemjua. Nikainuka na mwiko mkononi nikachungulia kati ya mahema. Mdogo wangu alitembea taratibu, nguo yangu ikimkaa vizuri mabegani, akaenda kupiga magoti mbele ya yule mtu wa koti. Akapewa kipaza sauti. Akasema kwa Kiganda, na Kiganda kiasi hicho nakielewa: huyu ndiye kaka yangu, ndiye aliyenilea.

Watu wakapiga makofi. Matoke yangu yakaungua chini.

Baadaye aliniambia ni maneno aliyofundishwa kusema, kila bibi harusi huyasema, hayana maana yoyote. Nikamwambia sawa. Kama hayana maana, sijui kwa nini mpaka leo nikiwa naingiza uzi kwenye sindano nayasikia vilevile, na ile spika mbovu iliyokuwa ikikwaruza.

Jioni mahema yakifunguliwa, mtu wa koti akaja nyuma kwenye masufuria akiwa na kikapu. Ndani alikuwa jogoo, amefungwa miguu kwa utepe mweupe.

"Ninakoishi ni ghorofani," alisema. Yeye hupenda kusema Kiswahili cha redio. "Hawaruhusu kuku. Naomba unihifadhie, yaya. Jumamosi nitakuja kumchukua."

Aliniita yaya, kana kwamba na yeye nilimlea.

Nyuma ya vyumba tunavyopanga nina banda dogo la mbao na waya, na kuku wa mayai. Nilimfungua utepe nikamwangalia vizuri. Walikuwa wametuletea kijana. Kilemba chake kilikuwa bado kidogo, manyoya ya mkia hayajajikunja, na asubuhi alipojaribu kuwika alitoa sauti ya mlango usiotiwa mafuta, akanyamaza kwa aibu. Nilicheka peke yangu. Kaka wa uongo, jogoo mchanga, nikasema wameendana.

Kumbe kichwa chake kilikuwa kigumu. Jioni iliyofuata, kuku wote walipoanza kujivuta bandani, yeye alisimama mbali akiwatazama, akakunja shingo, akaruka juu ya ukuta, na kutoka ukutani akaingia kwenye mfenesi wa mwenye nyumba. Akapanda tawi baada ya tawi mpaka nikabaki naona kifua tu. Nilirusha mahindi. Niligonga sahani. Nilimwita kwa sauti zote ambazo kuku huitwa kwazo Bukavu na Kampala. Alinitazama kwa jicho moja akapumzika.

Mwenye nyumba wetu ni bibi wa Kiganda, mjane. Marehemu mumewe alikuwa askari polisi, na Kiswahili alichonacho ni kile cha kambini. Asubuhi alinikuta nachota maji.

"Nnyabo," aliniita kwa heshima ya Kiganda, "hii jogoo yako inarara kwa mti yangu. Inachafua nguo yangu kwa kamba."

"Si yangu, mama."

"Kama si yako, ya nani?"

Nikamweleza. Alisikiliza akiwa ameweka mikono kiunoni, akatikisa kichwa, lakini si kwa sababu niliyoitaka.

"Basi hiyo ni kitu kubwa. Hiyo haiwezi potea. Paka ikikula yeye, ama mwizi ikichukua, watu ya bwana watasema ndoa imekataa. Ingiza yeye nyumba."

"Na nikimla mimi?"

"Wewe mwanamuke." Alicheka kwa upole. "Zamani sisi hatukukula kuku. Mwanamuke alipika, alifunga kwa majani ya ndizi, alipeleka kwa mwanamume."

"Na yeye mwanamke alikula nini?"

"Harufu," alisema, akainua jerikeni lake akaondoka.

Jumamosi ikaja bila mtu wa koti. Akapiga simu kusema kuna kikao. Jumamosi nyingine akawa na msiba wa mfanyakazi mwenzake. Mimi nikawa kila jioni nacheza ngoma ile ile chini ya mfenesi. Nilipanda ngazi ya mwenye nyumba nikamshusha kwa mikono, akanikwaruza mpaka damu, nikamsukumia bandani nikafunga. Kesho yake akarudi juu. Mtaa wa nyuma yetu walikuwa wanaibiwa kuku, na paka mmoja mkubwa wa baani kwenye barabara ya Ggaba alikuwa ameshaanza kulala juu ya ukuta wetu, ananisubiri nishindwe.

Nikampigia simu mdogo wangu. Alikuwa kwa wakwe, huko Masaka. Nilitaka kumwambia jogoo ananisumbua, lakini mdomo ukatoa kingine.

"Njoo tumle," nilisema. "Wewe na mimi. Nitapika wali na sombe. Utakaa hapa barazani na utaniambia kwa mdomo wako huyu jogoo alikuwa wa nani. Baadaye yule wa koti aambiwe chochote mnachotaka."

Nilisikia watoto wa huko wakipiga kelele nyuma yake.

"Yaya, mama mukwe anauliza kila siku kama kaka amekula."

"Mwambie atakula. Njoo."

"Nitakuja Jumapili," alisema. "Minaahidi."

Basi. Jambo likawa limenyooka. Nilichotakiwa ni kumfikisha jogoo Jumapili akiwa hai. Sikuhitaji kupokelewa na ukoo wa mtu wala kupigwa picha. Nilimhitaji mtu mmoja aketi mbele yangu, sahani katikati, aseme ni wewe. Kwa ajili hiyo niliamua jogoo yule atalala bandani hata kama ni kwa kumshonea humo.

Mwenye nyumba alinipa somo. "Funga yeye ndani siku mingi, usifungue. Atajua hapo ni kwake." Nikafanya hivyo. Nikaweka maji na chakula humo humo, nikafunga mlango, nikahamishia cherehani nyuma ya nyumba ili niwe namwona. Mchana kutwa alitembea kando ya waya, huku na huku, akitafuta tundu. Kuku wengine nikawa nawatoa na kuwaingiza, yeye anabaki. Nilimwambia mimi pia sikuzaliwa hapa, na nimezoea.

Kukaa pale ndiko kulikonionyesha tatizo lilipokuwa. Kuku wangu wanalala kwenye mti mmoja wa kushikia, na mwisho wa mti ule linakaa jike langu jeusi, lililozeeka, lenye roho mbaya. Kila jogoo alipotaka kupanda, lile jike lilimdonoa kichwani, akashuka. Alilala chini penye mavi, ameegemea mlango, kifua kimelowa. Nikaelewa kwa nini alipenda mfenesi. Kule juu hakuna aliyemwambia hapa si pako. Nilimwonea huruma, na nikakasirika kwa kumwonea huruma, kwa sababu ndiye aliyepokewa kwa makofi.

Nilikuwa na mti mzuri wa mviringo, mlaini, ambao nilitundikia nguo za wateja zilizokwisha. Nikautoa ukutani. Nguo za watu nikazitundika kwenye misumari, mteja mmoja akalalamika bega la gauni lake limevutika. Nikaupigilia mti ule bandani, juu kabisa, juu ya kichwa cha lile jike jeusi. Jioni hiyo jogoo aliutazama muda mrefu. Akaruka, akakosa. Akaruka tena akashika, akajipanga manyoya, akakaa. Jike jeusi lilinyoosha shingo na halikumfikia.

Nilidhani nimeshinda. Nilipomfungulia alasiri, nikamwaga mahindi ndani ili arudi mwenyewe, alikula yaliyokuwa karibu na mlango kisha akaenda zake ukutani, na kutoka ukutani mfenesini. Safari hii sikumbembeleza. Nilipanda ngazi, nikamshusha, nikambana kwapani, nikaingia ndani kuchukua mkasi.

Fundi yeyote atakuambia mkasi wa kitambaa haukati kitu kingine. Haukati karatasi wala kucha. Mdogo wangu alipokuwa mtoto aliwahi kukata boksi kwa mkasi wangu, na nilimchapa mpaka jirani akaingia. Nilifungua bawa moja la jogoo, na kwa mkasi ule ule nikakata manyoya marefu, shra, shra, shra, yakaanguka miguuni pangu. Unakata bawa moja, la pili unaliacha. Ukikata yote mawili bado atajifunza kuruka kidogo. Ukikata moja, kila akiruka anapinda. Mkasi haukuwa sawa tena baada ya hapo. Unatafuna kitambaa mpaka leo.

Kesho yake jioni alisimama chini ya mfenesi akaangalia juu. Akachuchumaa, akaruka, akapinda hewani akaanguka ubavu. Akainuka akajikung'uta kana kwamba hakuna kilichotokea. Akajaribu tena. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa banda na mahindi yangu. Ndivyo nilivyokuwa nikimsubiri mdogo wangu zamani, jua likianza kuzama, kandambili mkononi, mpaka akajua kwamba giza likiingia lazima awe ndani. Wasichana wa mtaa ule wengi waliharibikiwa. Yeye hakuharibikiwa. Wakwe zake walipouliza habari zake kwa majirani waliambiwa ni binti ambaye usiku hakuwahi kuonekana nje, na walilisema jambo hilo kwenye kipaza sauti, wakimsifia kaka.

Jogoo alikata tamaa na mfenesi taratibu. Siku iliyofuata alikuja mpaka mlangoni, akaingia kwa mahindi. Nyingine aliingia kwa mahindi machache. Nilikuwa nikimfungia mlango namwambia usiku mwema, kwa sauti, na mwenye nyumba alinisikia akanong'ona kitu cha Kiganda ambacho nadhani kilikuwa cha kunihurumia.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilinunua mchele mzuri, ule wenye harufu. Nilitwanga sombe, majani yetu ya muhogo, nikaipika kwa mawese taratibu vile mdogo wangu anavyoipenda, na ndagala, dagaa wa kwetu, ndani yake. Nilinoa kisu. Sikumchinja kwanza; nilitaka amwone akiwa hai, nimwambie huyu ndiye, kisha tumchinje pamoja. Nikafagia baraza, nikatandika kitenge juu ya kiti ambacho hakijavunjika. Baada ya misa za watu kwisha nikaanza kusikiliza boda. Kila iliyokata kona ilinisimamisha. Mchana ukapita. Nikapiga simu, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena baadaye, ikawa imezimwa, nikajisemea chaji imemwishia njiani, Masaka ni mbali.

Wali ukakauka juu. Nikanyunyizia maji, nikafunika, nikaondoa makaa kwenye sigiri.

Banda lilikuwa na joto, nikamfungulia jogoo atembee kidogo. Alizunguka uwanja, akapigapiga bawa lake zima na lile fupi, akawika, na kwa mara ya kwanza sauti ilitoka yote bila kukatika. Mwenye nyumba alitoa kichwa dirishani. "Sasa ni mwanamume," alisema. Jua lilipoanza kushuka nilikumbuka kwamba sijashika mahindi. Nikageuka niyafuate, na nilipogeuka tena nilimwona anakwenda bandani mwenyewe. Hakutazama mfenesi. Alipita mbele ya jike jeusi, akaruka juu ya mti wangu wa kutundikia nguo, akakaa.

Nilicheka kwa furaha, nisidanganye. Nilitamani kuwe na mtu wa kumwonyesha.

Boda ikasimama nje. Nilikimbia kwa kweli, mtu mzima mimi, na kitenge kikinifunguka. Aliyeshuka alikuwa mtu wa koti, na gunia limekunjwa chini ya kwapa.

"Habari za jioni, yaya. Nimekuja kumchukua yule bwana."

"Leo? Nani amekutuma leo?"

"Dada yangu amenipigia simu asubuhi. Alisema jogoo anakusumbua sana, bora nije nimalize jambo hili. Alisema analala juu ya mti." Alivua koti akatafuta mahali pa kulitundika, akalitundika kwenye msumari, pamoja na gauni la mteja. "Nilijua leo suruali itachanika."

Mdogo wangu alikuwa amempigia simu asubuhi. Mimi wakati huo nilikuwa natwanga sombe.

Ningeweza kumzuia. Nimewafikiria mara nyingi watu ambao wangemzuia, ambao wangemwambia toka na gunia lako. Lakini ndoa ya mdogo wangu ilikuwa imekaa pale juu ya mti wangu, imefumba macho, na mimi sikumlea ili nije nimvunjie nyumba. Nikamwonyesha banda kwa kidevu.

"Kumbe yuko ndani," alisema, akashangaa. Alifungua mlango, akaingiza mkono, akamchukua kama mtu anayechukua mkate juu ya kabati. Jogoo alitoa sauti moja ndogo ya usingizi. Hakupigana. Alikuwa ameshaizoea mikono ya watu.

"Ametulia sana. Umemfundisha vizuri." Kisha akaona. "Mbona bawa moja ni fupi?"

"Ale hivyo hivyo," nilisema.

Alicheka, akadhani namtania. Akasema ataniletea paja, halafu akakumbuka mila akasema labda shingo. Nikamwambia sitaki. Alisikia harufu ya chakula akauliza kama nina wageni, nikamwambia hapana, naye akavaa koti lake akapanda boda, gunia likiwa limetulia magotini pake. Alikaa kwangu muda mfupi kuliko ambao mimi nilikuwa nikiutumia jioni moja kumshusha yule ndege.

Simu ya mdogo wangu ikawaka kabla sijafunga banda. Jike jeusi lilikuwa tayari linajaribu mti wa juu.

"Yaya, kaka amefika?"

Alisema kaka hivyo hivyo tu, kama mtu anayemsema kaka yake.

"Amefika. Ameondoka naye."

Akashusha pumzi ndefu, nikaisikia. "Asante. Mama mukwe atafurahi. Minajua umekasirika, lakini wewe utaelewa, yaya. Wewe njo ulinilea."

Nilikuwa nimeshika simu kwa mkono mmoja na kifuniko cha sufuria kwa mwingine. Ni mimi niliyemlea: maneno hayo ndiyo niliyokuwa nikiyangojea tangu siku ya mahema. Nilikuwa nimeyapikia wali.